Ukoka Ukistawi Gugu Hukosa pa Kukaa

Kiwanja cha mpira, bustani ya mji na uwanja wa shule ni mali ya wote, na mali ya wote aghalabu huwa haina mwenyewe. Paa la ofisi likivuja, barua huandikwa siku hiyo hiyo. Ukoka wa kiwanja ukianza kufa, hakuna anayeandika barua, maana nyasi hazipigi kelele. Tunakuja kushtuka siku mchezaji anapoteleza juu ya kichaka cha majani kilicholala chini, au mtoto anapoangukia udongo mtupu uliokuwa mgumu kama sakafu. Hapo ndipo husimama mmoja miongoni mwetu akasema: leteni dawa, pigeni kiwanja kizima. Mwingine naye akasema: leteni greda, kwangueni yote tuanze upya.

Leo tunakusudia kueleza kwa nini njia zote mbili hizo ni hasara, na kuonyesha njia iliyo nafuu kwa mfuko na salama kwa watoto wetu. Neno letu ni moja: gugu huota penye pengo. Anayetaka kulishinda bila ya kuudhuru ukoka hana budi kuanza kwa kuliziba pengo hilo. Dawa, jembe na mkono vyote vina nafasi yao, lakini vyote huja nyuma ya kazi hiyo.

Tunajua kwamba viwanja vingine, kama vile Kaitaba mjini Bukoba na Nyamagana mjini Mwanza, vimewekewa nyasi bandia. Hatuna ugomvi na uamuzi wa namna hiyo. Walakini viwanja vya mitaani na vya shule, ambako ndiko wachezaji huzaliwa, haviwezi kukaa vikingojea gharama hiyo. Huko ukoka wa kawaida ndio utakaoendelea kutumika, na ni juu yetu kuutunza.

ADUI MWENYEWE NI NANI

Gugu tunalolizungumzia ni lile ambalo wataalamu wa mimea huliita Digitaria. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidole, kwa sababu suke lake hugawanyika juu mithili ya vidole vya mkono. Waingereza hulifananisha na kaa, kutokana na jinsi linavyotandaza miguu yake chini pande zote. Sisi katika makala hii tutaliita gugu la vidole. Aina zake ni nyingi, na mbili zinazopatikana sana katika nchi za joto ni Digitaria ciliaris na Digitaria velutina.

Kulitambua si kazi ngumu. Likiwa changa, jani lake ni pana kuliko la ukoka na rangi yake ni kijani kibichi kilichofifia. Shina halisimami bali hulala, na kila kifundo kinachogusa ardhi hutoa mizizi. Baada ya majuma machache shina moja huwa kichaka cha upana wa sahani, na ukoka uliokuwa chini yake hunyimwa jua hata ukafa.

Jambo kubwa la kulifahamu ni umri wake. Gugu la vidole huishi msimu mmoja tu. Huota kwa mbegu, hukua, huzaa, hufa. Katika nchi za baridi hungoja mpaka udongo upate joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi ndipo mbegu zichipue, na barafu ya kwanza huliua. Pwani yetu haina barafu, na udongo wake una joto mwaka mzima; kwa hiyo saa yake ni mvua. Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, mbegu huchipua kwa maelfu. Mvua za vuli za Oktoba zinapoanguka, huchipua tena. Na pale panapomwagiliwa maji kila siku, kama bustani za hoteli na za maofisi, huweza kuchipua mwezi wowote.

Mmea mmoja uliopata nafasi na maji ya kutosha huweza kutoa mbegu zinazofikia laki moja na nusu. Mbegu hizo hazioti zote mara moja. Nyingine hulala udongoni miaka mitatu na zaidi, zikingoja siku mwanga wa jua utakapozifikia. Ndiyo sababu mtu hung'oa mwaka huu akashangilia, na mwaka wa pili akaona gugu limerudi kana kwamba hakufanya kazi yoyote. Akiba ilikuwamo ardhini.

Hapa inafaa kuonya. Si kila jani geni katika ukoka ni gugu la vidole, na aliyekosea kumtambua mgonjwa hukosea dawa. Lipo gugu la jamii ya ulezi, Eleusine indica, ambalo kitovu chake ni bapa na cheupe, nalo hushika ardhi kwa nguvu hata likakata vidole vya mwenye kuling'oa. Hilo hupenda udongo uliokanyagwa sana, mbele ya magoli na katika njia za mkato. Ipo ndago, ambayo shina lake lina pembe tatu na chini ina viazi vidogo. Kuing'oa juu juu ni kuizidisha. Tena ipo Digitaria abyssinica, ambayo ni ndugu wa gugu letu lakini tabia yake ni nyingine. Wakulima wa Kenya huiita sangari na Waganda huiita lumbugu. Hiyo haifi mwisho wa msimu. Ina mizizi mirefu inayotambaa chini ya ardhi, na kila kipande kilichokatwa huwa mmea mpya. Mwenye kulima eneo lenye sangari kwa jembe au trekta, kisha akaliacha bila ya kuyaokota mabaki, amepanda sangari kwa mkono wake.

Wala jamii ya gugu hili isidharauliwe. Afrika ya Magharibi, hususan Guinea na Mali, watu hulima Digitaria exilis, nafaka ndogo iitwayo fonio, na huila kwa heshima. Ulezi wetu nao una nasaba na lile gugu la mbele ya magoli. Mimea hii ina nguvu ya kustahimili jua na udongo maskini, na nguvu hiyo ndiyo inayotushinda viwanjani.

TUNALIKARIBISHA WENYEWE

Tukitazama kwa haki tutaona kwamba gugu hili halivunji mlango. Sisi ndio tunaolifungulia.

Mlango wa kwanza ni ukataji. Desturi yetu ni kuacha majani yarefuke mpaka magoti, kisha siku moja kabla ya sherehe au mechi kubwa tukayafyeka mpaka udongo ukaonekana. Watu hupita wakasema kiwanja kimenyolewa vizuri. Kwa hakika kimenyolewa kipara. Ukoka uliokatwa namna hiyo hupoteza majani karibu yote, na majani ndiyo jiko lake la chakula. Hauna budi kuitumia akiba ya mizizi ili uchipue upya. Wakati huo jua linapiga udongo mtupu na kuziamsha mbegu zilizolala. Gugu hupata majuma mawili au matatu ya kukua bila ya mpinzani.

Kanuni ya kukata ni nyepesi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukoka wa kawaida, ule ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon, hupendeza ukiwekwa katika urefu wa sentimita 2.5 hadi 5. Ukitaka ukae sentimita 4, ukate kabla haujapita sentimita 6. Wakati wa masika hiyo ni kazi ya kila juma. Wakati wa kiangazi huenda ikawa mara moja kwa mwezi. Mwenye fyekeo peke yake aweza kuitimiza kanuni hii akiwa na mkono mwepesi na fyekeo kali. Kinachodhuru ukoka ni kukata kwa nadra na kukata mpaka chini.

Mlango wa pili ni maji. Kunyunyiza maji kidogo kila jioni kunalifurahisha jicho, lakini maji hayo hayashuki chini. Hulowesha ngozi ya udongo tu, mahali zilipo mbegu za gugu, na kuizoesha mizizi ya ukoka kukaa juu. Afadhali kumwagilia mara moja au mbili kwa juma, maji yashuke kiasi cha kiganja. Kipimo cha kutosha wakati wa jua kali ni milimita 25 hivi kwa juma, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba. Weka kopo tupu katikati ya bustani wakati wa kumwagilia, kisha pima kwa rula maji yaliyomo.

Tukikipigia hesabu kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, eneo lake ni mita za mraba 7,140. Maji ya juma moja ni lita 178,500. Hakuna shule ya mtaani itakayoyapata maji hayo, na hakuna haja ya kujidanganya. Ukoka wetu ni mzaliwa wa Afrika, nao umeumbwa kustahimili ukame. Wakati wa kiangazi hugeuka rangi ya majani makavu na kulala, lakini mashina yaliyo chini ya ardhi yangali hai, na mvua ikinyesha huamka. Uacheni ulale. Kumwagilia nusu nusu ni kuliamsha gugu wakati ukoka wenyewe ungali usingizini.

Mlango wa tatu ni udongo ulioshindiliwa. Magari yanayoegeshwa kiwanjani siku za mikutano, mapito ya wauza biashara, mazoezi ya kila siku katika kona moja, vyote hivyo huufunga udongo usipitishe hewa wala maji. Mizizi ya ukoka husongwa, na gugu huchukua nafasi yake. Dawa yake ni uma wa bustani: chomeka meno yake sentimita 8 hadi 10, tikisa kidogo, chomoa, sogea hatua moja. Kazi hiyo ifanywe udongo ukiwa na unyevu, mwanzoni mwa mvua. Baadaye tandaza mchanga au mboji laini ijaze vitundu.

Mlango wa nne ni njaa. Ukoka hula naitrojeni, na kiwanja ambacho majani yake huchukuliwa kila mara bila ya kurudishiwa kitu hudhoofika. Tukichukua kipimo cha gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, na tukijua kwamba mbolea ya urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, mita 100 za mraba zahitaji kilo 1.1 hivi za urea, na kiwanja kizima kilo 78, yaani mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Itiwe wakati ukoka unakua kwa nguvu, mara moja katikati ya masika na mara moja wakati wa vuli, jani likiwa kavu na mvua ikitarajiwa. Asiye na urea na atumie mboji au samadi, ila ahakikishe imeoza na kupata moto wa kutosha katika lundo. Samadi mbichi ya mbuzi na ng'ombe hubeba mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa mnyama zikiwa hai. Kadhalika vifusi vya udongo vinavyoletwa kwa lori kutoka kando ya barabara vichunguzwe kabla ya kumwagwa.

Mlango wa tano ni kivuli. Ukoka wa kawaida ni mtoto wa jua. Chini ya mwembe au mkungu haustawi hata ukibembelezwa vipi. Badala ya kuupanda kila mwaka na kuuzika kila mwaka, tupande nyasi za kivulini. Lipo jani pana la pwani za Bahari ya Hindi, Stenotaphrum dimidiatum, ambalo Waingereza walilipa jina la kisiwa cha Pemba. Hilo huvumilia kivuli na udongo wa mchanga, na likitanda hulifungia njia gugu. Ila likumbukwe hapo tutakapofika kwenye dawa.

KAZI YA MIKONO

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Gugu la vidole lenye majani matatu au manne hung'oka kwa vidole viwili. Likishakuwa kichaka na mizizi katika kila kifundo, huondoka na donge zima la udongo. Kwa hiyo kazi kubwa iwe katika juma la pili na la tatu baada ya mvua kuanza, udongo ukiwa laini. Kazi hiyo ikifanywa baada ya gugu kuzaa, tunapanda huku tukidhani tunang'oa. Yaliyokwisha toa masuke yawekwe katika mifuko, yasivutwe kiwanjani na yasitupwe pembeni. Tena mtu asidhani kwamba kulikata kila siku kutalizuia kuzaa: likikatwa chini hujifunza kutoa suke lililolala juu ya ardhi, chini ya kisu cha mashine.

Kila pengo lililoachwa na gugu lijazwe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chukua vipande vya shina la ukoka vyenye vifundo viwili au vitatu, vipandwe kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, kifundo kimoja kikiwa ardhini, kisha kanyaga kidogo na mwagilia. Katika msimu wa mvua na joto, vipande hivyo huweza kukutana na kufunika ardhi kwa muda wa miezi miwili au mitatu.

Wako watakaosema kiwanja ni kikubwa, mikono itachoka. Tukigawe basi. Mita za mraba 7,140 zikikatwa katika vipande vya mita 10 kwa 10 ni vipande 71 na kitu. Shule yenye wanafunzi 300 ina watu wanne kwa kila kipande. Timu mbili za mtaa pamoja na mashabiki wao hupata watu wawili kwa kipande bila ya taabu. Saa mbili za asubuhi, Jumamosi mbili zinazofuatana, mara mbili kwa mwaka, ndiyo kazi yote. Tunaomba jambo moja kwa walimu: kung'oa magugu kusifanywe adhabu ya watoto watundu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kutunza kiwanja ni adhabu hatakitunza akiwa mtu mzima.

DAWA NA MIPAKA YAKE

Hatusemi dawa zisitumike kabisa. Tunasema zijulikane. Maneno ya mitaani kwamba dawa ya majani ni dawa ya majani yameua ukoka mwingi kuliko gugu lenyewe. Wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi, na hapa methali hiyo ni kweli tupu.

Dawa ya glyphosate huua karibu kila jani la kijani inalogusa na kupokewa nalo, ukoka ukiwamo. Kuinyunyiza kiwanja kizima kwa ajili ya gugu lililoshika robo yake ni kuchoma nyumba ili kumuua panya. Itabaki ardhi tupu, na katika ardhi tupu wa kwanza kuota ni mbegu za gugu. Dawa ya 2,4-D nayo, inayojulikana sana kwa wakulima wa mahindi, huua magugu ya majani mapana. Gugu la vidole ni jamii ya nyasi, nalo halitikisiki. Paraquat ni sumu kali mno. Aliyeinywa hana dawa ya kuiondosha sumu hiyo mwilini, na haifai kukaribia mahali pa watoto. Na wapo wanaomwaga oili chafu, mafuta ya taa au chumvi. Hao huua udongo wenyewe, na mahali hapo pataonekana jeraha kwa muda mrefu.

Dawa zinazofaa ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kuzuia, kama vile pendimethalin na prodiamine. Hii haiui mbegu wala gugu lililokwisha ota. Hukaa katika tabaka la juu la udongo mithili ya mlinzi mlangoni. Mche unapochipua na mzizi wake ukaigusa, seli za mzizi hushindwa kugawanyika na mche hufa kabla haujaonekana. Ukoka wa siku nyingi, wenye mizizi iliyoshika, hausumbuki ukiwekewa kwa kipimo. Lakini mlinzi huyu hachagui: vipande vipya vya ukoka navyo huzuiwa kushika mizizi. Basi pale tulipopanda mwaka huu dawa hiyo isiwekwe. Wakati wake ni kabla ya mvua, tangu mwisho wa Februari, na tena Septemba kabla ya vuli, nayo huhitaji maji kidogo ya kuishusha udongoni. Ikiwekwa Aprili, gugu likiwa limekwisha simama, ni fedha iliyotupwa. Pendimethalin ni hatari kwa samaki; isitumike karibu na kijito, mkondo wa bahari au bwawa.

Namna ya pili ni dawa ya kuua inayochagua. Mojawapo ni quinclorac, ambayo huliua gugu la vidole na kuuacha ukoka wa kawaida, ingawa ukoka huweza kugeuka njano kwa siku chache. Hufanya kazi vyema gugu likiwa changa, na ukoka ukiwa hauna kiu. Walakini lile jani pana la kivulini, jamii ya Stenotaphrum, haliivumilii. Hapa ndipo wengi hukosea: huchukua dawa iliyomfaa jirani na kuua bustani yao kwa sababu nyasi zao si za jirani. Tena majani yaliyokatwa baada ya dawa hiyo yasitandazwe katika bustani ya nyanya, maana nyanya hudhurika hata kwa kiasi kidogo sana.

Ulimwengu umekwisha jifunza kwa gharama katika jambo hili. Marekani walitumia kwa miaka mingi dawa ya MSMA, yenye asili ya aseniki, kuulia gugu hili hili. Mwaka 2009 shirika lao la kuhifadhi mazingira liliafikiana na watengenezaji kuikomesha katika bustani za majumbani. Umoja wa Ulaya mwaka 2004 uliikataa atrazine kwa sababu ya kuingia katika maji ya chini ya ardhi. Miji yetu ya pwani imejengwa juu ya mchanga na matumbawe, na watu wengi wangali wakinywa maji ya visima. Linalomwagwa juu leo huweza kuchotwa kwa ndoo kesho.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizia kama dawa hiyo imesajiliwa. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na afisa ugani wa kata aweza kukuelekeza. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, isiyo na karatasi ya maelezo. Anayebeba bomba avae buti, glavu, suruali ndefu na kinga ya uso. Asinyunyize wakati wa upepo, na watoto wasirudi uwanjani mpaka muda ulioandikwa upite. Ni aibu kumwona kibarua akinyunyiza sumu akiwa amevaa kandambili, huku aliyemtuma amesimama mbali kivulini.

KALENDA YA MWAKA

Kwa pwani ya kaskazini, kuanzia Tanga mpaka Dar es Salaam, pamoja na Unguja na Pemba, mpango wa mwaka ungekuwa hivi. Januari na Februari, kagua kiwanja, weka alama penye mapengo, noa mafyekeo, na anayekusudia dawa ya kuzuia aiweke mwishoni mwa Februari. Machi mvua zikianza, toboa udongo ulioshindiliwa. Machi na Aprili ng'oa miche na panda ukoka katika mapengo. Aprili tia mbolea, na kata kila juma bila ya kupita theluthi. Kuanzia Juni hadi Agosti punguza kukata na uache ukoka upumzike. Septemba kagua tena, Oktoba na Novemba rudia kazi ya masika kwa kiasi kidogo. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wana msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza aghalabu Novemba au Desemba. Wao waihesabu kalenda yao kuanzia Oktoba.

Mtu asitarajie muujiza wa mwaka mmoja. Akiba ya mbegu iliyomo ardhini ni ya miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza gugu litapungua kidogo. Mwaka wa pili watu wataona tofauti. Mwaka wa tatu, ikiwa halikuachiwa kuzaa, kazi itakuwa ya kung'oa mmoja mmoja hapa na pale.

NANI AWAJIBIKE

Katika bajeti nyingi za viwanja huonekana fedha za rangi ya kuta, za milango na za viti vya wageni. Fungu la mtunza kiwanja huwa dogo au halimo. Tunazishauri halmashauri na kamati za shule ziajiri mtu mmoja anayejua nyasi, apewe fyekeo, uma, reki na toroli, na asikilizwe anaposema kiwanja kimechoka na mechi zipunguzwe. Ushauri wake upewe uzito sawa na wa fundi wa umeme. Vilabu navyo vinavyokusanya viingilio vione kwamba ukoka ni sehemu ya mchezo, na vitoe watu wao katika Jumamosi zile mbili.

Wazazi nao wana neno lao. Wakisikia kwamba kiwanja cha shule kitanyunyizwa dawa, wana haki ya kuuliza ni dawa gani, ya nini, na watoto watarudi lini. Kuuliza si ukorofi.

Masika huja kila mwaka bila ya kutungoja. Kamati ya kiwanja inayosoma maneno haya na ikutane kabla ya Februari kwisha, ihesabu mapengo yake, igawe vipande vyake 71, na ichague Jumamosi zake mbili. Ikifanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, watoto watacheza juu ya ukoka, na fedha ya dawa na ya greda itabaki mfukoni mwa shule.